Inchi Nne

Mimi ndiye niliyeupaka ule mstari.
Si Mwarami. Andika hilo kwanza,
kisha nisogezee kahawa, nikwambie mengine.

Tishari namba saba, chuma kitupu, tumbo kama pipa,
lilikuwa na mstari mweupe ubavuni, upana wa kiganja:
maji yakiufikia, basi, usiongeze hata kamba.
Ndivyo kilivyosema kitabu chekundu cha bandari,
kitabu ambacho serahangi wetu alikijua kwa jalada tu,
alikiegemezea kiwiko siku ya mshahara
akitia dole gumba.

Mwezi ule mkonge ulijaa hadi mlangoni mwa ghala.
Meli imetia nanga kule nje, inalipiwa kwa siku.
Bwana Kipimo akanijia na rula yake ya shaba,
akapima kutoka kwenye mstari kwenda juu.
"Futa hapa. Paka hapa."
Hakufoka. Aliacha shilingi mbili juu ya kifuniko cha kopo,
na rangi, nakumbuka, ilikuwa imefanya utando,
nikauchana kwa kijiti.

Inchi nne ni nini?
Ni viberiti viwili vimelala.
Ni marobota arobaini zaidi.
Ni pumzi aliyoikosa Sufiani, hamali wa Chongoleani,
tishari lilipolala ubavu mbele ya Toteni,
adhuhuri, bahari imetulia kama sinia,
watu wa gatini wakiona.

Mahakamani kulikuwa na feni lisilozunguka.
Serikali dhidi ya Mwarami bin Mwinchande:
kwamba, akiwa msimamizi wa chombo,
alikipakia kupita kiasi, kwa uzembe, mtu akafa.
Karani Demelo ndiye aliyetafsiri.
Kiingereza kilitoka kirefu
kikatufikia kimepunguzwa, kama kanzu ya kurithi.
"Unaulizwa, uliuona mstari?"
"Niliuona."
"Maji yaliufikia?"
"Hayakuufikia. Niliinama nikaangalia mwenyewe."

Lakini tishari lilikuwa limeopolewa, limepimwa,
na mstari wa kwenye chuma
na mstari wa kwenye karatasi
havikukutana.
"Sasa nani aliyeupandisha?"
Demelo akalitafsiri hilo polepole, neno kwa neno,
akitazama dirishani.

Mimi nilikuwa benchi la tatu.
Rangi nyeupe ilikuwa bado imeganda kwenye kucha.
Nikakunja vidole, nikavikalia.

Bwana Kipimo alipewa kiti, akaulizwa mambo mawili.

Miezi kumi na minane, kazi ngumu.
Cheti cha userahangi kikachanwa mbele yake.
Vipande vinne, nilihesabu,
na kimoja kilianguka chini, askari akakikanyaga
bila kukusudia.
Ghala la kampuni halikufungwa hata nusu siku.

Husemwa sheria ni msumeno.
Nimefanya kazi na maseremala, msumeno naujua.
Hukata ukienda, hukata ukirudi, kweli kabisa,
ila mpini hauna meno.

Alitoka amekonda, shingo imekuwa ndefu.
Hakuniuliza kitu. Nilikuwa nimeyapanga majibu
tangu mwezi wa kwanza: nina watoto, niliamrishwa,
ningesema nani angesikia;
yakanichachia mdomoni.
Siku moja akamtuma mwanawe:
baba anakuita, ana mlango wa kupaka.

Nyumba yake ilikuwa Ngamiani, barabara ya kumi na nne.
Rangi ya buluu, ameinunua mwenyewe.
Kabla sijachovya brashi alitoka na kipande cha mkaa,
akachuchumaa, akapima kutoka kizingitini kwenda juu
kwa viberiti viwili, kimoja juu ya kingine,
akachora.
"Chini ya hapa," akasema, "usipake."

Nikapaka. Mkono haukutulia, lakini sikuvuka.
Akanilipa shilingi mbili.

Mlango ule upo mpaka leo, nenda ukautazame.
Buluu imepauka, na chini kuna ukanda wa mbao tupu,
mchwa wameanzia hapo.
Wapangaji wa sasa hudhani rangi ilikwisha.